Mchagua Jembe Ndiye Mkulima: Mhadhara wa Wazi kuhusu Meza, Unyevu na Mikono Inayotetemeka

Waheshimiwa wapiga fimbo, wapaka chaki, mama yetu wa mishikaki, na ninyi mlioketi juu ya kreti kwa sababu viti vyote vimetekwa na watazamaji wa Ligi Kuu, jioni njema. Nasimama mbele yenu kama Profesa wa Sayansi ya Meza, cheo nilichojitunuku baada ya kubainika kwamba hakuna chuo chenye mtu wa kunitahini. Simu zizimwe. Anayetaka kuagiza kinywaji aagize sasa, na akikumbuka kwamba koo la mhadhiri nalo hukauka, hatakosa thawabu.

Mada ya leo imezaliwa humu humu, kutokana na kauli ya kijana mmoja wa bodaboda, baada ya mchezo ambao matokeo yake hayana umuhimu wowote wa kitaaluma. Nilimweleza kwa upole kwamba meza hii inateremka kuelekea chooni. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Mzee wangu, mchagua jembe si mkulima." Mkacheka, na nawakumbuka mliocheka. Sasa, methali hiyo ilitungwa na watu wenye busara nyingi ambao hawakuwahi kucheza pool hata mara moja. Usiku huu naizika rasmi.

Nianze na jiwe. Meza wanayochezea magwiji wa dunia ina urefu wa futi 9, na uwanja wake wa kuchezea ni sentimita 254 kwa 127. Hii yetu ya kutumbukiza sarafu ni ya futi 7, lakini tusidharauliane kwa vimo. Chini ya kitambaa cha meza yao kuna mabamba ya jiwe la sleti, na kabla ya mashindano fundi hupita na pimamaji akisawazisha mpaka povu litulie katikati. Meza yetu nayo imesawazishwa: chini ya mguu wa kushoto kuna boksi la bia lililokunjwa. Ninachohoji si boksi. Ninahoji ni nani aliyelikunja, na kwa utaalamu gani.

Juu ya jiwe kuna kitambaa, na hapa naomba mtege masikio. Kitambaa kinachotajwa kwa heshima kwenye mashindano makubwa ni cha Simonis wa Ubelgiji, watu waliokuwa kwenye kazi hiyo tangu mwaka 1680. Ni sufu iliyosokotwa kwa kubana, ikachanganywa na nailoni kidogo, haina manyoya, na mpira ukiguswa tu unakwenda kana kwamba umeitwa nyumbani. Tatizo ni kwamba sufu hunywa unyevu. Hewa ikiwa nzito, kitambaa kinalemea, mpira unachoka mapema, na ukigonga ukingo unarudi kwa pembe tofauti na ile ya jana. Mchezaji wa kulipwa aliyejifunza mkono wake kwenye ukumbi mkavu wenye kiyoyozi akipelekwa mahali pa joto na jasho, atatumia siku ya kwanza nzima kuuliza meza maswali: unakwenda kasi gani, unarudi vipi, unameza au unatema? Ndiyo maana utawaona kabla ya mechi wakisukuma mpira mweupe peke yake huku na huko, bila kulenga chochote. Mashabiki hudhani wanapasha misuli. Wanahoji kitambaa.

Na si wao tu. Ndugu zao wa biliadi isiyo na mashimo, wale wa mipira mitatu, hupasha jiwe moto kutoka chini ili kitambaa kikauke na mpira ukimbie. Nasema tena kwa manufaa ya kijana wa bodaboda: wanapasha meza moto. Mkulima gani huyo anayechemsha jembe kabla ya kwenda shamba? Ni bingwa, ndiye huyo. Mimi niliomba tu feni igeuzwe, nikaambiwa ninaringa.

Mipira. Ile ya kitaaluma hutengenezwa kwa resini ngumu, kipenyo chake milimita 57 na ushee, na husuguliwa ing'ae. Si kwa urembo. Mpira mweupe unapougonga mwingine, nyuso zao hushikana kwa sekunde isiyopimika kwa saa ya mkononi, na ule msuguano huuvuta mpira uliogongwa nje kidogo ya mstari wake. Kadiri mipira ilivyo michafu, na kadiri unavyopiga polepole, ndivyo unavyovutwa zaidi. Chembe moja ya chaki ikikaa palepale panapogusana, pigo la kumfunga mtoto mdomo linageuka aibu ya ukoo. Sasa fikirieni mpira namba nane wa meza hii, ambao umeshikwa na kila mkono uliotoka kwenye mishikaki ya mama hapa, tena mishikaki mizuri, yenye mafuta. Nilipoupiga juzi haukupotea kwa sababu ya mkono wangu. Ulipotea kwa sababu ya kitoweo.

Mashimo nitayapita haraka kwa kuwa yananiumiza. Kanuni za kimataifa huruhusu mdomo wa shimo la kona uwe milimita 114 hadi 117. Baadhi ya mashindano makubwa ya miaka hii yamekaza mpaka inchi 4, yaani kama milimita 102, ili watu waache kutumbukiza kwa mazoea. Willie Mosconi, Mmarekani, alitumbukiza mipira 526 mfululizo bila kukosa mwaka 1954 huko Springfield, Ohio, na rekodi yake ikadumu mpaka John Schmidt alipofikisha 626 mwaka 2019. Watu huipigia saluti ile 526 wakasahau kwamba meza ya siku ile ilikuwa ya futi 8. Simwondolei mtu heshima yake. Nauliza tu kama futi hiyo moja iliyopungua bado ipo, niletewe.

Sasa naingia kwenye presha, sehemu ambayo wahadhiri wadogo huharibu kwa kuzungumzia "moyo wa kishujaa". Presha ni jambo la vidole. Mtu akiogopa, vidole hukaza kwenye kitako cha fimbo. Fimbo ikikazwa, ncha hunyanyuka. Kichwa nacho huinuka mapema kwenda kuangalia matokeo kabla matokeo hayajawa tayari. Na mkono, badala ya kupita mpaka mwisho, hukata njiani. Mpira unapita mdomoni mwa shimo na kuendelea na safari zake. Kwenye Kombe la Mosconi, ambako Ulaya na Marekani wamekuwa wakichuana tangu mwaka 1994, mchezaji hupewa sekunde 30 kwa kila pigo, huku ukumbi mzima ukiimba kama uko kwenye mpira wa miguu. Ulaya ililibeba kombe hilo mara 8 mfululizo mpaka Marekani ilipokata mnyororo huo kwa 11-9 mwaka 2018, jijini London.

Shane Van Boening wa Dakota Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2022, alizaliwa na usikivu hafifu. Huvaa vifaa vya kumsaidia kusikia, na akitaka utulivu huvizima. Ukumbi unaweza kupiga kelele mpaka paa litoke. Yeye yuko kwenye kimya chake, anapiga. Nimeifanyia mbinu hiyo utafiti wa kina hapa hapa, kwa pamba masikioni. Sikusikia zomeazomea hata moja. Sikusikia pia nilipoitwa kulipa, na taasisi hii ikalichukulia jambo hilo vibaya.

Kuna swali limeletwa kwa kikaratasi, bila jina, ingawa mwandiko unanuka petroli: "Profesa, na Efren Reyes je?" Nilijua litakuja. Ni kweli kwamba mwaka 2006, huko Reno, Marekani, waandaaji wa mashindano walitandika meza kwa makusudi kitambaa kizito chenye manyoya, kinachochelewesha mpira, na wachezaji wengi wakanuna. Ni kweli kwamba Reyes, Mfilipino, alichukua ubingwa kwenye kitambaa hicho hicho, na zawadi ya dola 500,000 ikatangazwa kwa jina lake. Ni kweli pia kwamba mwaka 1996, Hong Kong, alipambana siku tatu na Earl Strickland, wa kwanza kufikisha gemu 120, akashinda 120 kwa 117. Strickland huyo ni bingwa wa dunia mara tatu, na malalamiko yake kuhusu meza, waamuzi na mashabiki yanajulikana kila penye taa juu ya kitambaa. Mimi binafsi namhesabu kuwa mwanazuoni mwenzangu.

Lakini kijana asifurahi mapema. Reyes alikulia kwenye ukumbi wa mjomba wake Manila, na usiku alilala juu ya meza. Mtu aliyelalia meza huujua mteremko wake kwa mgongo, hana haja ya pimamaji. Kwa hiyo si kwamba hakuchagua jembe: alilala nalo. Hoja yangu imesimama, na naomba karatasi nyingine zisiletwe.

Bado kuna fainali moja ambayo wapinzani wangu huitumia kunisumbua. Mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 2021, Atlantic City. Aloysius Yapp wa Singapore anaongoza 8-3 dhidi ya Carlo Biado wa Ufilipino. Kuanzia hapo Biado anashinda gemu 10 mfululizo, 13-8, mchezo umekwisha. Meza ile ile, kitambaa kile kile, mashimo yale yale. Basi, wanasema, hapo meza haina kosa. Nami nawaambia: mmeangalia fanicha moja mkaisahau nyingine. Mmesahau kiti.

Kwenye tenisi ukizidiwa bado unarudisha mpira. Kwenye ngumi unakinga. Kwenye pool mwenzako akishika meza, wewe unakaa. Unakaa na chaki yako mkononi, kama mshitakiwa anayesomewa hukumu ndefu, na kila mpira unaoingia unaupunguza ujoto wa mkono wako. Ukiitwa tena, labda ni kwa pigo moja gumu tu, mpira mweupe umefichwa nyuma ya mwingine, mkono baridi, saa inahesabu. Ukikosa, rudi kitini. Hii ndiyo Sayansi ya Kiti, tawi jipya nililolianzisha mwenyewe, na kwa mujibu wake presha yote ya mchezo huu si suala la moyo hata kidogo bali ni suala la samani. Kiti ni sehemu ya hali ya meza. Aliyepata kiti kibaya amepata meza mbaya. Na mtu aliyekalishwa kwenye kreti la soda huku mpinzani wake akimaliza mipira yote saba, tena akijiimbia, huyo alishindwa na kreti. Sitaji majina.

Sasa naona kijana wa bodaboda amesimama na fimbo mkononi, anasema tucheze gemu moja la soda ili hadhira ijionee. Huo si utaratibu wa kitaaluma, lakini siogopi. Nimekubali kimsingi. Zimebaki taratibu ndogo: mipira ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, boksi likunjwe upya mbele yangu, feni igeuke, mama atenganishe mishikaki na chaki, na niletewe kiti chenye mgongo kutoka kwa hao watazamaji wa Ligi Kuu, mechi yao itakapokwisha. Ikienda muda wa nyongeza tutasubiri. Na sarafu ataweka yeye. Mhadhiri halipii ukumbi.