Bi Kidude Akawa Sheha

Kuchora uso kwa rangi za maji, kwa ile njia iliyorahisishwa, ni kazi ya kuacha. Unaacha kope, unaacha meno, unaacha maua ya kanga; unabaki na vivuli vitatu tu: hafifu, cha kati na kizito. Mimi nikamchagua Bi Kidude, na balaa likaanzia hapo, maana uso wa Fatuma binti Baraka haukuwa na cha kuacha. Mwanamke aliyeimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kwa umri ambao kila mtu aliukisia kivyake! Kila kunyanzi usoni pake lilikuwa na kazi yake.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, kwa hiyo nilitaka picha iwe tayari mwezi huo. Aprili Unguja ni masika. Shati halikauki kambani, sembuse karatasi. Na rangi za maji zina sharti moja lisilobembelezeka: usiziguse zikiwa nusu kavu, kwani maji mapya huisukuma rangi ya mwanzo pembeni ikafanya ukingo uliovurugika. Feni ingesaidia. Umeme ukakatika shavu la kushoto likiwa bado bichi, tone la kahawia likadondoka gizani, na taa ziliporudi Bi Kidude alikuwa amevimba kama mwenye jino bovu.

Karatasi nayo ina habari yake. Inayofaa ni nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, inayokunywa maji bila kujikunja. Duka la vifaa vya shule lilikuwa na ya fotokopi, gramu 80, na muuzaji akaniapia kwamba karatasi ni karatasi tu, mjomba. Basi makunyanzi yote niliyoyaacha kwa makusudi, karatasi ikayatengeneza yenyewe, tena ya kulala, yakakatiza juu ya pua.

Picha nilikuwa naianika barazani, kwa hiyo haikukosa mahakimu. Wa kwanza alikuwa jirani yangu muuza mihogo.

"Mbona umemchora sheha?"

"Mama, sheha anajitanda kanga?"

"Kumbe kanga ile? Mie nikajua shuka, mgonjwa."

Mtoto mmoja aliyekuwa akienda chuoni akaapa kuwa ni bibi yake, akatoka mbio kumwita. Bibi akaja, akatazama, akanitazama na mimi, akaondoka bila hata kuaga. Tangu siku hiyo salamu zake ni za mkato.

Ilikuwa imebaki sigara. Bi Kidude hakuwa mtu wa kuificha sigara yake, kamera iwepo isiwepo. Sasa, katika rangi za maji nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe iliyosalimika. Kwa hiyo baina ya vidole nikaruka kijistari kitupu, nikakoleza giza nyuma yake. Hapo hapo bati likadondosha tone la mvua juu ya lile giza, rangi ikatawanyika kwenda juu, ukatoka moshi ambao nisingeuweza hata kwa kufundishwa.

Jirani akapita tena na beseni lake. "Haa! Bi Kidude!"

Watu wakakusanyika. Sheha mwenyewe akaja, akaushika ule ukingo wa karatasi kwa vidole viwili, akasema marehemu ndiye huyu, hasa. Shavu lililovimba halikuonekana tena, wala pua iliyokatizwa. Wakasifu sigara: imechorwa kwa ustadi, mkono haukutetemeka, utadhani unaweza kuichomoa ukawasha. Nami nikapokea sifa za mahali pekee ambapo brashi haikugusa.

Walipotawanyika jirani akabaki. Anataka nimchoree mumewe, aitundike ukumbini kabla ya Sikukuu, na bei tutaelewana, hata kwa mihogo.

Nikamwuliza kwanza kama mzee anavuta.