Kufuli la Stoo na Kanuni ya 983

Kabla ya safari yoyote ya shule yetu, wazazi hupelekewa barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza huandikwa na Padre mlezi, nao huwa mtamu: mna kukomaa katika imani, mna malezi ya dhamiri, mna udugu. Ukurasa wa pili huandikwa na Sista wa stoo, nao hauna kivumishi cha sifa hata kimoja. Mayai ya kuchemsha. Mikate. Sukari. Ndoo mbili zenye mifuniko. Karatasi za chooni. Mimi ni mwalimu mlezi wa TYCS, ule umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania, na nimekwenda safari hizi za kutosha kujua ni ukurasa upi unaoendesha basi.

Walio nje hudhani shule ya masista inakwenda kwa sala peke yake. Sala zipo, tena nyingi. Kengele ya Masifu ya asubuhi hulia wakati jogoo wa jirani bado anajishauri. Lakini sijawahi kusuluhisha ugomvi wa wanafunzi uliohusu Utatu Mtakatifu. Nimesuluhisha ugomvi wa ukoko. Siku ya wali, ukoko ni haki ya walio zamu ya kusugua masufuria, na kila Jumapili huzuka mtu mwenye ushahidi mpya kwamba zamu ilikuwa yake. Hata ubani unaopaa altareni una asili jikoni, maana makaa ya chetezo hutoka kwa mpishi. Kuna mtumishi wa altare aliyemjibu mpishi jeuri Jumamosi jioni. Kesho yake, mbele ya wazazi waliokuja kutembelea, alitikisa chetezo kutoka sakristia hadi altareni bila kutoa hata uzi wa moshi. Padre akaendelea na misa yake. Jumatatu kijana alionekana akimpasulia mpishi kuni, na hakuna aliyemtuma.

Safari kubwa ya mwaka ni Bagamoyo. Kutoka kwetu, upande wa Morogoro, unapita Chalinze, unakwenda hadi Msata, halafu unashuka kuelekea baharini. Sista wa stoo hugawa chai na mayai kabla ya alfajiri, kwa hoja kwamba aliyeshiba hasumbui. Sista Mkuu naye huanzisha rozari mara tu gari linaposhika lami. Hoja hizi mbili lazima zikutane mahali, na safari moja zilikutana katikati ya Litania ya Bikira Maria. Viti vya nyuma vikaanza kuomba kuchimba dawa. Sista Mkuu, ambaye hakatishi Litania kwa ajili ya kiumbe chochote, akasema tusubiri Amina. Anayeijua Litania hiyo anajua Amina yake iko mbali. Sijapata kusikia "utuombee" ikiitikiwa kwa moyo namna ile. Ilizidi kupanda kwa kila sifa ya Mama, na wavulana wawili wa kidato cha pili walikuwa wamefumba macho na kukunja vidole vya miguu. Dereva wetu, Mwislamu mstaarabu asiyeingilia ibada za watu, alitazama kioo, akawasha indiketa, akaegesha pembeni palipo na vichaka. Ndani ya gari tulibaki Sista Mkuu na mimi, tukazimalizia sifa zilizobaki wawili tu, yeye akitaja, mimi nikiitikia na kuchungulia dirishani kuhesabu vichwa.

Bagamoyo penyewe pana uzito wake. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni, wakajenga na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Msalaba ulioko karibu na ufuko unakumbusha kufika kwao. Pana mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulipumzishwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Mtembezaji alitueleza vizuri jinsi watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walivyoubeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo: moyo waliuzika huko huko, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, ndipo wakaanza safari ya miezi. Watoto walinyamaza kwa heshima. Kisha kijana wetu wa Tanga, mtoto wa mvuvi, akauliza kwa sauti ya mtaalamu, "Kwa hiyo walimfanya ng'onda?" Mtembezaji alifikiri kidogo, akakiri kwamba kwa utaratibu ndiyo, ni ule ule. Mwalimu wetu wa Historia amefundisha kifungu hicho miaka mingi na hajawahi kukifupisha vile.

Tulikwenda na Kaole. Pale, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, uongozi wa msafara ulibadilika wenyewe. Wanafunzi wetu Waislamu, ambao mwaka mzima huimba Kyrie vizuri kuliko sisi na hujua ratiba ya kanisa kuliko makatekista, ndio waliotuonyesha kibla, wakatuamuru tupunguze kelele. Sista Mkuu alitii. Wakamwonyesha na kisima, akauliza maswali mengi kuliko mwanafunzi yeyote.

Baada ya yote hayo niliwapa insha: "Nilichojifunza Bagamoyo." Nilitegemea watumwa, wamisionari, biashara ya pembe. Nilipata punda. Karibu na kanisa la zamani pana mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichochomoza kwenye gome. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiuguza wagonjwa misheni, aliufunga pale ili kumfungia punda wake, ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza. Darasa zima liliandika juu ya punda. Je, alifunguliwa kabla? Jina lake nani? Kwa nini makumbusho haina picha yake? Nilipompelekea Sista wa stoo insha hizo ili acheke, hakucheka. Alizisoma zote, akanirudishia, akasema tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza punda alikuwa analishwa na nani.

Mafungo ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu mafungo yana kimya. Huwa tunawapeleka kwenye nyumba ya masista iliyo chini ya Uluguru, na Ijumaa jioni hutangazwa kwamba hadi Jumapili hakuna kuzungumza isipokuwa na Mungu. Kwa kijana wa kidato cha tatu hilo si tangazo, ni changamoto. Saa moja haikuisha walikuwa wamegundua barua. Bwaloni vikaratasi vilipita mezani kwa kasi ambayo msimamizi wa mtihani angezimia: "Naomba chumvi." "Ipi?" "Iliyo mbele yako." "Hiyo ni sukari." Kimya cha mafungo hutumia daftari nyingi kuliko muhula mzima wa Jiografia.

Padre mgeni aliyetuhubiria alikuwa Mkapuchini mwenye ndevu na sauti ya kujaza bonde. Mada yake ya kwanza ilikuwa sauti ndogo ya Mungu. Nje ya dirisha la kanisa masista walikuwa wanafuga bata mzinga, na bata mzinga dume akisikia sauti kubwa hujibu. Ndiyo tabia yake, hana nia mbaya. Padre akapaza sauti: "Nabii Eliya alisikia nini?" Bata mzinga akajibu. Watoto wakauma tai zao. Padre, mtu mwenye uzoefu, akashusha sauti, akaendelea vizuri dakika kadhaa, hadi alipofika kwenye ule upepo wenye nguvu uliopasua milima. Upepo hauhubiriwi kwa kunong'ona. Bata mzinga akajibu mara tatu, na safu nzima ya sauti ya pili ya kwaya ikateleza chini ya mabenchi. Jioni ile mama mkubwa wa nyumba aliagiza yule bata ahamishwe. Hakusema ahamishiwe wapi, ila menyu ya Jumapili, ambayo asubuhi ilikuwa maharage, ilibadilishwa kwa kalamu ikawa pilau.

Kabla ya pilau kulikuwa na kuungama, na hapa lazima nieleze habari ya kufuli. Wiki moja kabla, kufuli la stoo ya shule lilikutwa limevunjwa na sukari imepungua. Mwalimu wa nidhamu, ambaye ndiye huyo huyo wa Historia, alikuwa amepima nyayo kwa rula, amewahoji walinzi, amepekua masanduku bwenini. Hakupata kitu. Alikuja mafungoni na kesi yake kichwani.

Jumamosi mchana viliwekwa viti viwili chini ya miembe miwili, na mapadre wawili wenye stola za zambarau. Kwa Mkapuchini, asiyemjua mtu, foleni ilizunguka kisima. Kwa Padre mlezi wetu, ambaye hufundisha Divinity, husahihisha mitihani na hutambua kikohozi cha kila mwanafunzi gizani, foleni ilikuwa mimi na mpishi. Padre mlezi amezoea. Huja na kitabu.

Watoto wengi huandika dhambi zao ili wasisahau. Upepo wa mlimani ulipopita, karatasi moja ilimponyoka mtu, ikaruka juu ya vichwa. Foleni nzima ilijipapasa mifuko kwanza. Mwenye karatasi hakujulikana, kwa sababu wote walishtuka sawasawa. Ikapiga mizunguko miwili, ikatua kwenye kiatu cha mwalimu wa nidhamu.

Aliiokota. Anajua mwandiko wa kila mtoto tangu kidato cha kwanza. Mstari mmoja ungemtosha.

"Mwalimu, usifungue," alisema Padre mlezi, akifunga kitabu.

"Padre, hii imechanwa kwenye daftari la shule."

"Kanuni ya 983."

Watoto hawakujua kanuni hiyo, wala mimi. Padre akasimama, akatufundisha na stola yake shingoni: Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema siri ya maungamo haivunjiki, na haimfungi padre tu, bali na mkalimani akiwepo, na mtu mwingine yeyote aliyepata kujua dhambi kwa njia ya maungamo.

Mwalimu wa nidhamu ni mtu wa hoja. Alijibu, kwa adabu, kwamba hapo hapajafanyika maungamo yoyote. Kilichopo ni maandalizi. Mwanafunzi akikutwa na karatasi kabla ya mtihani kuanza, je, mtihani umefanyika?

Nakiri hoja ilisimama. Foleni ilikuwa imetulia kuliko wakati wowote wa mafungo, na mmoja wao alikuwa anasikiliza kesi yake mwenyewe ikijadiliwa na mabingwa. Tukamgeukia Mkapuchini. Alimwomba aliyepiga magoti amsubiri kidogo, akatafakari huku akishika ndevu.

"Mwalimu anasema kweli," alisema. "Sakramenti haijaanza. Lakini kusoma siri ya mwenzako nako ni dhambi, tena kwa hiyo foleni ni fupi." Akaonyesha kwa kidole ule mwembe wa Padre mlezi.

Kimya cha mafungo kilikufa hapo. Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kutoka nyuma ya jiko, mahali ambapo muda wake ulikuwa unayoyoma, bata mzinga aliitikia.

Mwalimu wa nidhamu, ambaye ni muungwana, alicheka mwishoni, akampa Padre karatasi bila kuikunjua. Padre akaiweka juu ya kiti kitupu, akaigandamiza kwa jiwe, akaamuru watu wote, walimu na masista pamoja, wageukie kanisa waimbe wimbo wa Bikira Maria, beti zote. Tulipogeuka tena, jiwe lilikuwepo na karatasi haikuwepo. Mwalimu wa nidhamu alikwenda polepole akajiunga na foleni, ile fupi.

Tulirudi shuleni Jumapili jioni, tumeshiba. Sista wa stoo aliacha mlango umefungwa kwa waya, kwa kuwa kufuli jipya lilikuwa bado kwenye bajeti. Asubuhi mmoja aliyeungama vizuri zaidi ya wote alikuwa ametimiza malipizi yake: mlangoni lilining'inia kufuli jipya, kubwa, zuri kuliko la kwanza, na limefungwa.

Ufunguo haukuwepo. Ulitafutwa chini ya mawe, kwenye vyungu vya maua, hata ndani ya sanduku la sadaka. Mstarini Sista Mkuu alitangaza kwamba mwenye ufunguo aulete, hataulizwa neno. Hakuna aliyesogea, maana kuleta ufunguo ni kuleta jina. Mwalimu wa nidhamu alimwendea Padre mlezi, akamuuliza kwa sauti ya chini iwapo Kanuni ya 983 inagusa na funguo. Padre akasema angependa kulitazama hilo vitabuni.

Jikoni maji ya makande yalikuwa yamechemka, mahindi na maharage yako ndani ya stoo. Kufikia saa nne Sista wa stoo, ambaye hakusomea sheria za Kanisa, aliomba nyundo. Vijana sita wakakimbia kuileta, na mmoja wao akamwelekeza Sista, kwa upole wa mtu mwenye uzoefu, mahali pa kugonga.