Tizi la Mdomoni

Mfyuu! Eti "mzee wangu, ufanye mazoezi." Ndiyo dawa aliyorudi nayo kutoka hospitali jirani yetu wa benchi la ukutani, yule mwenye kitambi cha heshima na presha isiyo na adabu. Kakaa foleni tangu asubuhi, kapimwa, kaandikiwa vidonge, halafu kaambiwa neno ambalo hata muuza kahawa wetu angemwambia bure na kashata juu. Nani mjini hapa hajui kuwa mazoezi ni mazuri? Mtoto wa chekechea anajua. Mlevi anajua, tena ukimkuta saa nane usiku atakuhutubia. Kitambi hakikai tumboni kwa kukosa habari.

Sasa kijiweni kwetu Magomeni tunaye mwalimu mstaafu, mtu ambaye akishika simu hatazami vichekesho kama sisi wengine. Juzi kamwaga jambo lililotugawa kama Simba na Yanga. Anasema mwaka 2002 wanasaikolojia watatu wa Uingereza, Milne, Orbell na Sheeran, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua wanafunzi 248 wa chuo kikuu, wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja liliachwa hivihivi. La pili likasomeshwa karatasi ya maradhi ya moyo, jinsi yanavyoua na jinsi mazoezi yanavyokinga. La tatu likapewa karatasi hiyohiyo, ila likaagizwa jambo moja zaidi: andika siku, saa na mahali utakapofanyia mazoezi wiki ijayo. Wiki ikaisha. Walioachwa hivihivi, asilimia 38 walikuwa wamefanya mazoezi. Waliosomeshwa hatari? Asilimia 35. Rudia kusoma, hujakosea: somo zima la moyo halikuongeza kitu. Walioandika siku, saa na mahali, asilimia 91.

Fundi viatu akasonya mpaka sindano ikamponyoka. "Wanafunzi hao! Hawana watoto, hawana kodi ya nyumba, hawana mkwe anayepiga simu ya dharura." Hoja yake ina uzito. Mimi naongeza ya kwangu: ilikuwa wiki moja, na wanafunzi wenyewe ndio waliosema wamefanya. Ukiniuliza leo kama nimefanya mazoezi na wewe umeshika kalamu, nitakwambia nimefanya. Lakini wazo la kupanga siku, saa na mahali halikuzaliwa kwa wanafunzi hao. Mjerumani Peter Gollwitzer alikuwa akilipigia debe tangu miaka ya tisini, na mwaka 2006 yeye na Sheeran wakakusanya majaribio 94 ya mambo ya kila aina, si mazoezi tu, wakaona kwamba kwa jumla linafanya kazi vizuri. Siri yake ni ndogo hadi inaudhi. Ukisema "nitaanza kutembea," umebakisha kesi ya kuamuliwa kila siku, na hakimu ni wewe mwenyewe umechoka. Ukisema "nikitoka msikitini alfajiri sigeuki nyumbani, nashika njia ya bondeni," kesi imeshakwisha jana. Unatoka msikitini, miguu inajua.

Na wa jimu nao tusiwaache hivihivi. Januari utawaona: raba mpya, chupa ya maji ya rangi, picha mbele ya kioo. Machi kadi ipo kwenye pochi, inakaa na kitambulisho cha mpiga kura. Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, mwaka 2006 walichapisha hesabu za wanachama wapatao 7,750 wa jimu tatu za Marekani. Aliyelipa kwa mwezi alitoa zaidi ya dola 70, akahudhuria wastani wa mara nne na ushee. Kila mara moja ikamgharimu zaidi ya dola 17, na palepale mapokezi ilikuwepo tiketi ya mara kumi kwa dola 100. Walimlipia yule mtu waliyedhani watakuwa. Kwa hiyo ukimwona shemeji yako amelipia mwaka mzima, usimcheke sana, kuna Wamarekani waliliwa vilevile.

Halafu kuna hawa wa "siku 21." Kila hali ya WhatsApp: vumilia siku 21, tabia itaota mizizi. Chanzo chake ni daktari mmoja wa New York wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji siku zisizopungua 21 kuizoea sura mpya kwenye kioo. Pua, jamani! Watu wakaihamisha pua hadi kwenye mbio za asubuhi, na lile neno "zisizopungua" likadondoka njiani. Alipokuja kupima mtu kwa utulivu, Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuata watu 96 kwa siku 84, kila mmoja na tabia yake aliyoifunga kwenye tukio la kila siku: maji baada ya kifungua kinywa, kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Siku za katikati zikawa 66. Wepesi kabisa 18, na mgumu wao alikadiriwa kufika 254. Mazoezi yalichelewa kuliko kula na kunywa. Jirani wa ukutani aliposikia 254 akaagiza kahawa nyingine.

Lakini hebu tujitazame. Nani kati yetu aliwahi kuapa mwaka mpya kwamba mwaka huu nitajitahidi kuja kijiweni? Nani ameweka kengele kwenye simu? Alasiri ikiswaliwa tu, mtu anajikuta yupo, mguu juu ya mguu, drafti ya visoda imeshapangwa. Mvua ikinyesha tunajibana chini ya turubai. Saa ni ileile, benchi ni lilelile, sura ni zilezile, na malipo yanakuja papo hapo: kahawa chungu na umbea mtamu. Ukikosa siku moja unapigiwa simu, "Vipi, umekufa?" Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake waliwahi kuwaandikisha wanafunzi wa Marekani wanachofanya saa baada ya saa, wakakuta kama asilimia 43 ya matendo ni yaleyale ya karibu kila siku, mahali palepale, mara nyingi akili ikiwa kwingine. Wangetuandikisha sisi wangekimbia na madaftari yao. Kijiwe hiki kina kila kitu ambacho hao wataalamu wanakitafuta kwa ruzuku. Tumekosa kutembea tu.

Ndiyo maana mimi navivulia kofia vikundi vya jogging vya huko Temeke na Mbagala. Jumapili alfajiri unasikia filimbi, fulana za rangi moja, nyimbo za kukatana ngebe, daladala zinasubiri wao wapite. Watu wanadhani wale wana nidhamu ya ajabu. Wapi! Wana sare, wana kiongozi wa wimbo, wana mchango wa misiba, na usipotokea jina lako linatiwa kwenye wimbo Jumapili inayofuata. Ni kijiwe kilichovaa raba. Sisi wa zamani tulikuwa na mchakamchaka shuleni, kengele inalia, unakimbia na kuimba, hakuna aliyekuuliza kama una hamasa. Mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Nia njema, na watu walijitokeza. Ila kwa mizani hii ya kina Lally, jambo la mara moja kwa mwezi ni sherehe. Mwili unaalikwa, unakula pilau, unasahau.

Utafiti ulionichekesha zaidi ni wa 2021, uliotoka kwenye jarida la Nature. Katy Milkman, Angela Duckworth na wenzao, wataalamu 30, walijaribu mbinu 54 kwa pamoja kwa wanachama 61,293 wa jimu za kampuni moja Marekani, wiki nne. Chini kidogo ya nusu ya mbinu ziliongeza mahudhurio. Iliyoongoza si picha za misuli wala hotuba: ni nyongeza ya senti chache tu kwa aliyerudi baada ya kukosa siku. Hadi asilimia 27 zaidi! Wiki nne zilipokwisha, athari ilibaki kuonekana kwenye asilimia 8 tu ya mbinu. Na waliotakiwa kutabiri mbinu itakayoshinda, maprofesa wakiwemo, walichemsha. Hilo la kurudi ndilo nalishika. Kina Lally nao waliona kuruka siku moja hakuharibu kitu cha maana. Kinachoharibu ni yule anayekosa Jumatatu, akajiambia basi, wiki imeshachafuka, nitaanza mwezi ujao, na mwezi ujao kuna harusi.

Mwalimu akataka kutumalizia na Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Watafiti waliwafunga vipimo mwilini, wakakuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku. Benchi lote likashangilia, tumepata watetezi! Kumbe wale hupumzika wamechutama au wamepiga magoti, misuli ikifanya kazi kidogokidogo, na muda mwingine wanatembea na kuchimba mizizi si mchezo. Shangwe ikafa. Muuza kahawa akaguna. Yeye anazunguka mtaa mzima na birika na jiko la mkaa, hajawahi kupiga tizi hata siku moja, na tumbo lake limeshikana na mgongo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London aliona hivyohivyo: makonda wa mabasi ya ghorofa, wapanda ngazi siku nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Kweli, baadaye yeye na wenzake walipima suruali za sare wakakuta hata madereva vijana viuno vyao vilikuwa vipana zaidi, kwa hiyo ngazi peke yake haikubeba sifa yote. Lakini konda hakuhitaji hamasa. Kazi ilishampangia.

Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara alikuwa anatusikiliza muda wote huku anakoroga maharage. Yupo kwa miguu tangu saa kumi alfajiri, na hakuna mtafiti aliyemfunga kipimo. Akaweka mwiko chini.

"Nimeelewa hilo la kuandika," akasema. "Sasa baba zangu, chukueni karatasi. Kila mmoja aandike siku, saa na mahali atakaponilipia wali wa mwezi uliopita."

Mwalimu akasema hilo linahitaji utafiti zaidi.