Pesa za Mchezo

Land Rover yangu, Defender 110, ilikuwa na mchezo kwenye stelingi. Kwa wasiojua lugha ya gereji: unazungusha usukani, matairi hayana habari. Mchezo wa kwangu ulikuwa wa robo duara, na nilikuwa nimeuzoea. Nikikaribia kona ya nyumbani nilianza kukata pale kwa muuza chipsi, ujumbe ukalifikia gari mbele ya duka la dawa, tukaingia getini wote pamoja. Mke wangu aliliendesha mara moja tu. Aliposhuka akasema lile si gari, ni kikao.

Tuliishi hivyo miaka sita kwa amani. Kilichonivuruga ni tamasha la Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kutaka kuivunja rekodi ya msafara ambayo Wajerumani waliiweka mwaka 2018 kwa magari 632. Nami nililipeleka la kwangu, nimelisugua hadi taa za nyuma. Wakanipanga katikati ya mawili yaliyonyanyuliwa, matairi yake yamefika kwenye dirisha langu. Akapita mtoto kamshika baba yake mkono. Akasimama, akatazama, akauliza: "Baba, hili ndilo la watoto?"

Wiki haikuisha nikawa gereji.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu, wa wale wanaokubali kabla hujamaliza kusema. "Mwalimu, tunalipandisha inchi mbili tu. Koili ndefu, shokapu ndefu, kazi kwisha. Inchi mbili ni nini?" Nikapiga hesabu. Inchi mbili ni sentimita tano, urefu wa kiberiti. Nikajiuliza kiberiti kitaliharibu nini gari lililobeba saruji tangu wenye nalo wa kwanza.

Iliyobaki ilikuwa pesa. Bahati nzuri zamu ya mke wangu ilikuwa imefika kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani, naye alikuwa na mipango yake ya kabati. Nikamwomba aniazime, nikamweleza kwamba pamoja na kulinyanyua gari fundi ataondoa ule mchezo wa stelingi. Akanitazama kwa muda. "Yaani pesa za mchezo ziende kwenye mchezo?" Akanipa. Mpaka leo sijui kwa nini alinipa, nadhani alitaka kuona mwisho wake.

Jioni ya siku ya tatu nikakabidhiwa gari. Springi za zamani nilitaka kuondoka nazo, fundi akasema, "Achana nazo Mwalimu, zitakujazia stoo." Nikaona huyu kijana kalelewa vizuri.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Nilichungulia ndani ya kuta za majirani, nikajua nani anafuga nguruwe na hasemi. Siku ya tatu mama mkwe akaja kutoka Tengeru, Jumapili, kavaa kitenge chake cha kubana, twende kanisani. Akaufikia mlango. Akautazama kama mtu anayetazama embe la juu kabisa mtini. "Baba," akaniambia kwa upole, "mimi nilifikiri tunakwenda kwa gari." Ikabidi kigoda cha jikoni kitoke. Tangu siku hiyo kigoda kikawa chombo cha gari, kinalala pamoja na jeki na spana ya magurudumu.

Lakini kigoda ni aibu ndogo. Mambo yenyewe niliyakuta barabara ya Monduli. Zamani gari lilichelewa kusikia, ila likishasikia lilitii. Sasa lilikuwa na ratiba yake. Ng'ombe wakiwa kulia, linakwenda kuwasalimia. Lori likija kushoto, linalisindikiza. Ukikata kona halafu ukauachia usukani, haurudi wenyewe, unakaa pale pale ukikusubiri kama karani wa dirishani. Nilipofika kilomita 70 kwa saa tukapita kwenye shimo dogo, na magurudumu ya mbele yakaanza kutikisika hadi meno yangu yakagongana. Nikasimama. Kukatulia. Nikaondoka, kukaanza upya.

Nikarudi kwa fundi. Akafunga shokapu mpya ya stelingi, ile inayolala mlalo mbele, akakaza na nati iliyo juu ya boksi la stelingi mpaka spana ikalia. "Mchezo umekwisha," akasema. Hapo hakudanganya. Usukani ulikuwa mgumu kama kifuniko cha chupa ya achari, na gari likaendelea na safari zake za kando, safari hii bila kutikisika.

Karibu na Kisongo trafiki akanipungia mkono. Alikuwa amenitazama nikija kwa muda mrefu, nadhani kwa huruma. Nikapuliza kipimo cha ulevi. Sifuri. Nikapuliza tena. Sifuri. Akakitikisa kile kifaa, akaniomba nishuke, akapanda yeye, kwa kigoda, akaenda mita mia mbili na kurudi. Akanikabidhi ufunguo. "Mwalimu, mlevi ni gari."

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye gereji ya mabati mawili na mti. Hakulala hata chini ya gari. Aliliangalia ubavuni, akaenda kuchukua baiskeli ya mwanafunzi wake. "Unaona uma wa mbele umelala nyuma? Unyooshe uwe wima, halafu achia mikono tuone." Akaeleza kwamba mhimili ambao gurudumu la Defender huzungukia ukikata kona umelazwa nyuma nyuzi 3 tangu kiwandani, na huo mlalo ndio unaorudisha usukani. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayokwenda kufungwa nyuma kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, unainua na ncha za nyuma za ile mikono, ekseli inajizungusha kwa mbele, na nyuzi zako 3 zinakaribia kwisha. Halafu kuna fimbo inayoizuia ekseli isiende kulia wala kushoto. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, gari likipanda nayo inaisogeza ekseli upande mmoja. Shokapu ya stelingi? "Umempa mgonjwa dawa ya kulala."

Dawa ipo: mikono iliyopindwa maalumu kurudisha mlalo, na fimbo inayorefushwa. Akanitajia bei. Nikamfikiria mke wangu na kabati lake, nikauliza je, nikirudisha springi za zamani? Mzee akacheka, akaniuliza ziko wapi.

Zilikuwa chini ya 110 ya muuza mkaa. Kijana wangu mchangamfu alikuwa ameziuza siku ile ile niliyoziacha. Muuza mkaa alikataa katakata mwanzoni, akisema tangu azifunge gari lake limetulia sana. Mwishowe nilizinunua kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa, na hili gazeti nitalificha.

Sasa gari ni fupi tena. Mzee amebadilisha boljointi na bushi, nati ya boksi ameilegeza panapostahili, na mchezo wote umebaki upana wa vidole viwili. Kwa hiyo nauza koili nne na shokapu nne, hazijamaliza kilomita 300. Anayezitaka aje na kigoda chake, maana changu mama mkwe ameondoka nacho Tengeru na anasema hakirudi.