Bi Mkubwa Abisha Hodi Kwenye Tovuti

Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmaki wa mambo ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukitaka kujua tovuti yako inawasumbua watu wapi, watu watano wanatosha. Hao watakufichulia kasoro kama asilimia 85. Masharti ya majaribio ya namna hiyo: mmoja mmoja, pahala patulivu, na wewe mtafiti ufunge mdomo. Nahisi Nielsen hajapata kupita Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa Unguja, baada ya alasiri.

Nilipewa kazi ya kuitengeneza upya tovuti ya nyumba ndogo ya wageni hapa Mji Mkongwe. Mwenyewe alilalamika kuwa watu wanaingia, wanatazama picha, wanatoka bila kuweka nafasi. Nikachukua kompyuta nikaenda barazani, penye kahawa, dhumna, na ile simu kongwe yenye tangazo la kupiga nje ya nchi bure, ambayo watalii hawaachi kuinyanyua ingawa haisemi na mtu.

Nikamwekea mzee mmoja kompyuta mapajani. "Shikamoo, mzee. Nitafutie chumba cha watu wawili, na kila unalowaza ulitamke."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaanza kutamka. Alitamka bei ya karafuu, akamtamka mkwewe wa Wete, akalitamka goti lake. Chumba hakukitamka. Jirani yake akaona anachelewa, akatia kidole. Wa tatu akasema si hapo, chini. Muuza kahawa akaweka buli, naye akachangia. Mwisho chumba kikapatikana: usiku arobaini, kwa jina la mtu ambaye hata hakuwepo.

Nikauliza, tovuti mnaionaje? "Nzuri, mashaallah!" wote kwa pamoja. Hapo ndipo utafiti unapokwama kwetu. Mtu ametoka jasho mbele ya macho yako, lakini kukwambia usoni kuwa kazi mbaya hawezi, hasa kama kahawa umelipa wewe. Basi nikaaga, nikapinda kona, nikasimama kujitia nafunga viatu. Ukweli wote ulinifuata huko: maandishi kama sisimizi, picha hazishi kuja, "na ile fomu inataka namba ya nyumba, hapa nani anaijua namba ya nyumba yake?"

Aliyenifaa zaidi ni bi mkubwa, mama mzazi wa mwenye nyumba. Ukurasa wa mbele ulijaa picha ya mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, fahari ya nyumba yenyewe. Kitufe cha kuweka nafasi kilijificha chini, buluu juu ya buluu ya bahari. Bi mkubwa hakukiona. Akaubonyeza mlango. Akaubonyeza tena, kwa nguvu.

"Hodi!"

Kimya. Akanigeukia: "Mwanangu, wenyewe hawapo?"

Sheria inasema ninyamaze. Nikanyamaza.

"Na wewe huitiki?"

Akamwita mwanawe kumuuliza kijana huyu asiye na adabu kamtoa wapi.

Sasa ukiubonyeza mlango ule unafunguka, unaingia vyumbani. Mwenye nyumba alitaka kupinga, nikamwambia akazungumze na mama yake.

Kasoro ya saa hakuna aliyeigundua, si barazani wala kwa bi mkubwa. Mgeni mmoja, Mzungu, alijaza kwenye fomu kuwa atafika 9:00. Kijana wa mapokezi, mtoto wa Unguja, akaisoma saa tisa kama alivyofunzwa na mama yake. Akala wali wake kwa raha, akaenda bandarini Malindi alasiri. Mgeni alishashuka na boti ya asubuhi. Alikutwa Forodhani na papasi, wale madalali wa watalii, ameshauziwa safari ya mashamba ya viungo, ya Jozani kuwaona kima punju, na ya Changuu mara mbili.

Siku hizi fomu haiulizi saa, inauliza unakuja na boti gani. Mgeni yule naye alitoa maoni yake baada ya kurudi kwao: nyota tano, kwa papasi.