Jinsi ya Kumtunza Rafiki wa Mraru Bila Kumtembelea

Ikiwa ulikulia kijijini Mraru, karibu na Voi, na sasa unakula mshahara Mombasa au Nairobi, mwongozo huu ni wako. Shabaha ni moja: rafiki uliyechunga naye mbuzi asikusahau, nawe usipoteze hata Jumamosi moja.

Mkikutana kwa bahati mbaya stejini Voi, mpige bega, ulizia watoto, kisha sema "tutafutane" huku mguu mmoja uko ndani ya gari. Usitaje siku. Anayetaja siku ameshaharibu, maana siku hiyo itafika.

Fungueni kundi la WhatsApp, mlipe jina lenye mwaka mliomaliza darasa la nane. Kila Jumapili tuma picha ya waridi uliyoipata kwenye kundi la kanisa. Rafiki akiandika kwamba mamake amelazwa, usipige simu. Weka vile viganja viwili vilivyobanana. Viganja hivyo ni pole, hongera, amina na asante, kwa hiyo huna haja hata ya kusoma ujumbe wenyewe.

Matanga yanataka ustadi zaidi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, msiba wa rafiki haumtoi mtu ofisini. Tuma elfu moja mapema, jina lako likae juu ya orodha. Ukichelewa utasomwa chini ya binamu asiye na kazi. Pesa ikiingia, umezika. Kuchimba kaburi, kukesha, kukaa mkekani na mfiwa mkila kimanga bila la kusema, hayo waachie wasio na shughuli.

Shida ni umbali, ambao siku hizi umekuwa kisingizio dhaifu. Tangu 2017 kuna treni ya SGR inayosimama Voi, na kutoka Mombasa ni kilomita 150 hivi tu. (Ndovu kuziba barabara ni kisingizio cha mtu wa Voi, wewe wa Nairobi hakikufai.) Basi usilaumu usafiri, laumu kazi. Kazi haina ratiba ambayo mtu anaweza kwenda kuiangalia.

Ila chunga sana usiwaulize kina nyanya wa Mraru habari za basi. Miaka ya 1970, magari ya kwenda Voi yalikuwa yakifika Mraru yamejaa pomoni, na akina mama wakibaki kando ya njia na mizigo yao ya soko. Walikuwa na mashamba, maji ya kuteka, kuni za kutafuta na watoto mgongoni. Pamoja na hayo yote walipata nafasi ya kukutana, tena na tena, wakachanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 kikundi chao kikanunua basi. Baadaye wakafungua na duka. Habari zao zikaandikwa hadi nje ya nchi. Watu wa namna hii ni hatari kwa mwongozo wowote. Nyanya aliyenunua basi zima ili afike mjini, utamwelezaje kwamba wewe umeshindwa kununua tiketi?

Yupo rafiki mmoja ambaye mbinu hizi hazimwezi: yule anayebisha hodi kwako bila kupiga simu kwanza. Huyo hana dawa. Mfungulie, umpe kiti, uteleke chai.