Sifa za Tangi Lisilotaka Kuinuka

Nalisifu tangi la pikipiki, hasa siku linapokataa kutoka. Hapa Chakol, upande wa Kenya, kati ya miji ya mpakani Busia na Malaba, tunasifu visivyostahili: taa za rangi, honi ya lori iliyofungwa kwenye pikipiki ya Boxer, kiti kilichoshonwa upya kwa nyuzi za dhahabu. Tangi husifiwa siku ya kununuliwa tu. Baada ya hapo hubanwa kwa magoti, huanikwa juani mchana kutwa, na hulaumiwa petroli ikiisha, kana kwamba hulewa lenyewe.

Nawahurumia wazee waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli miaka ya 1960. Baiskeli yao, Black Mamba, haikuwa na tangi. Ukitaka kuona cheni, hiyo hapo; ukitaka kuona breki, hiyo pia. Chombo gani kisicho na siri? Mwaka 2008 serikali ikafuta VAT ya pikipiki za chini ya cc 250, na vijana wa boma hadi boma wakapata kitu cha kuwasumbua Jumapili.

Maana tangi ni mzee wa ukoo aliyekalia mkeka wa mahari: hakuna neno linaloendelea mpaka ainuliwe kwa utaratibu. Koili iko chini yake. Mafungu ya waya yako chini yake. Kebo ya mafuta inapita humo humo. Basi unafungua vifuniko vya pembeni, unatoa kiti, unaikabili bolti ya nyuma kwa spana namba kumi. Au kumi na mbili, kwa kuwa kila fundi wa barabara hii ameacha bolti yake. Ukiwa umefunga koki, unachomoa mpira uliokauka, nao unakupa tone la mwisho kwenye kiwiko. Unanyanyua nyuma, unavuta kuelekea kwako. Halitoki. Raba mbili za mbele zimelishika. Unavuta tena, linatoka ghafla, halafu linakwama hewani: umesahau waya wa geji. Geji yenyewe haijasema kweli tangu mwaka juzi, lakini waya wake ni mwaminifu.

Na uzito wake nausifu pia. Lita 11 ni kilo nane hivi za kitu kinachotafuta moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu uende zake, hutambaa chini mpaka upate jiko. Kwa hiyo siku ya tangi, chai huchelewa na mwenye sigara hufukuzwa uani, awe shemeji, awe nani. Nyumbani kwetu hakuna kiongozi aliyewahi kutiiwa hivyo.

Lakini sifa yake kuu ni umbo. Tangi limeipanda fremu, mguu huku na mguu kule, na koki iko upande wa kushoto peke yake. Ndiyo maana utamkuta mwendeshaji njia ya Adungosi, abiria ameshuka na kuku wake, pikipiki imelazwa kushoto, wote wakisubiri petroli ya kulia ivuke. Hata ndani ya tangi kuna mpaka, na hata huko mafuta huvushwa kwa kuinama.

Hayo ya kuvusha tunayajua. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, inatangaza bei ya mafuta, na siku ya pili vijana wa mpakani wanajua ni upande gani wa kununulia. Kuna petroli ya stesheni, na kuna ya chupa iliyovuka usiku bila muhuri. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Kabla ya hapo maabara yetu ilikuwa pua. Tangi ndilo shahidi asiyehongeka. Ukishaling'oa, likamulie tone la mwisho kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu, kutu ya kahawia sakafuni. Utaona ulichouziwa tangu Krismasi, na ni vizuri aliyekuuzia asiwe jirani.

Kulirudisha ni kazi fupi, ila raba za mbele zinataka mate kidogo na matusi ya heshima. Waya wa geji, mpira, koki, kiti. Basi siku moja nikalirudisha, pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza, watoto wakashangilia. Mzee wa jirani, aliyeketi akitazama tangu asubuhi bila kutoa shauri hata moja, akainama akaokota kitu vumbini.

“Kijana, bolti hii ni ya wapi?”

“Hiyo haina kazi, mzee wangu.”

“Ahaa. Kwani kule kiwandani zilikuwa zimezidi?”